Kahawa Iliyorudishwa Kutoka Stesheni

Okanya, mpishi wa hoteli iliyo karibu na stesheni ya Tororo, aliliweka kopo la kahawa juu ya meza ya duka, akalisukuma kwa kidole kimoja kuelekea kwa Madina. Hakusalimia kwanza kama ilivyokuwa desturi yake. Madina alilinyanyua kopo, akalikuta zito vilevile kama lilivyotoka.

"Mzungu amekunywa nusu kikombe, akaomba maji," Okanya alisema. "Ananiuliza, huyo mama siku hizi anakaanga kahawa ama anachoma viatu?"

Aliyasema hayo akiangalia barabarani, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya mwingine. Kisha akaeleza yaliyobaki kwa sauti ya chini. Meneja alikuwa ameanza kusifu kahawa ya Nairobi, inayokuja kwa treni katika makopo yaliyofungwa kiwandani. Hili lilikuwa kopo la pili kurudi. Likirudi la tatu, basi, wasitarajie kumwona Okanya tena.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya serikali ya Mwingereza. Tororo ilikuwa mji wa vumbi la saruji na wageni wa kila namna, na Wazungu wa reli na wa ushuru walitaka kahawa yao asubuhi kama mtoto anavyotaka titi. Mashine ya kukaangia Madina aliipata kwa Mzungu mwoka mikate aliyekuwa anarudi kwao. Aliuza bangili zake za harusi ili aichukue. Haikuwa kubwa. Pipa la chuma lilizunguka polepole juu ya ndimi ndogo za moto wa gesi, feni ya umeme ikavuta hewa kupitia pipa, na bomba likatoboa ukuta wa kibanda kupeleka moshi nyuma ya nyumba. Kati ya pipa na bomba palikuwa na kilango cha hewa chenye mshikio wa mti. Ukikifungua sana, hewa inaiba joto na buni zinakauka bila kuiva. Ukikibana sana, moshi unabaki ndani, na buni zinaunywa.

Jamilu, mumewe, alikuwa na lori lililokwenda Busia hadi Kisumu na kurudi, na ndiye aliyeleta mitungi ya gesi. Jioni ile aliposikia habari ya kopo la pili hakugomba. Alinawa, akala, akasema kwamba Muniru wa Busia bado anaitaka ile mashine. Kopo la tatu likirudi, Muniru ataichukua, na Madina atarudi kuuza buni mbichi kwa kibaba kama wanawake wengine wa sokoni. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtia Madina wasiwasi.

Hakulala vizuri. Kahawa ni ileile ya Bugisu, aliichagua kwa mkono wake. Mashine ni ileile. Moto ni uleule. Kisichokuwa kilekile ni watu, alijiambia. Na mtu aliyesimama karibu kabisa na mashine ile, ukimwondoa yeye mwenyewe, alikuwa Goretti.

Goretti alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Mulanda, Mkristo, mkimya, mwenye mikono mirefu. Kazi yake ilikuwa kushika ufunguo wa gesi na mshikio wa kilango, Madina akimwambia ongeza, punguza, fungua, huku yeye akichungulia buni kwa kijiko kirefu kinachoingia katika tundu la pipa. Walikuwa wamefanya hivyo muda mrefu bila neno baya kati yao. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Madina akaanza kumwangalia Goretti kama paka anavyoangalia mlango wa stoo.

Na mwenye kutafuta hakosi. Aliona kwamba kila asubuhi Goretti alitokea nyuma ya nyumba akiwa na mikono iliyolowa. Huko nyuma palikuwa na nini? Palikuwa na choo, na bafu, na chumba cha Hajara, dada mkubwa wa Jamilu, aliyefiwa na mume na sasa alikuwa amekaa eda. Nyumba aliyoishi na marehemu ilikuwa ya mwajiri, ikachukuliwa, na Jamilu akamleta kwake. Goretti alipoulizwa alisema amempelekea mama mjane maji ya kuoga. Jibu zuri. Zuri mno, Madina aliona, kwa mtu ambaye kwa kawaida hujibu kwa kichwa tu.

Aliona pia kwamba Goretti hamtazami tena usoni. Wakikaanga, moshi ulijaa kibandani mpaka macho yakawasha, na Goretti alikohoa na kugeukia mlango. Madina akimwambia afungue kilango, Goretti alisema kimefunguka chote. Madina aliusogeza mshikio mwenyewe: kweli, ulikuwa mwisho. Lakini nani ajuaye ulikuwa wapi dakika moja kabla? Buni zilichelewa kugeuka manjano, akaamuru gesi iongezwe. Zikaja kugeuka kwa ghafla, zikatoka na vidoa vyeusi kama uso wa mgonjwa wa ndui, ndani bado ngumu. Akizitafuna alisikia majivu.

Akakumbuka kwamba Mulanda si mbali na barabara ya kwenda Busia, na Busia ndiko kwa Muniru. Aliwaza Muniru akisimamisha baiskeli yake kwenye kituo cha biashara cha Mulanda, akinunua ndizi, akiulizia nyumba ya fulani. Hakuwa ameliona jambo hilo wala kuambiwa na mtu. Lakini kadiri alivyoliwaza ndivyo lilivyozidi kuwa na rangi, mpaka akaijua hata baiskeli aliyoipanda.

Asubuhi ya kukaanga kopo la tatu alimwambia Goretti akae barazani achambue buni. Mashine ataishika peke yake.

Goretti alisimama kidogo. "Mama, mikono miwili haitoshi pale."

"Itatosha ikiwa ni yangu."

Goretti akachukua ungo, akatoka. Wanawake waliokuwa wanapita na madebe kwenda kwenye bomba la maji walipunguza mwendo kuangalia, na habari ikatangulia kufika bombani kabla ya madebe yao.

Madina akawasha moto, ndimi zikasimama za buluu, zimenyooka. Kabla ya hapo alikuwa amekagua bomba, kama alivyokuwa akilikagua kila jioni mashine ikishapoa: aliingiza fimbo mpaka mwisho, ikatoka na masizi kidogo tu. Safi. Akaacha pipa lipate joto, akamimina buni kiasi cha kujaribia, akafunga. Sasa ilikuwa yeye na mashine, hakuna mkono wa mtu mwingine. Kwa kitambo mambo yalikwenda vyema. Halafu moshi ukaanza kumrudia. Ndimi za moto zikalegea, zikawa za manjano, zikaramba chuma. Kichwa kikaanza kumgonga kwenye paji. Buni zikatoka na vidoa vilevile.

Alizimwaga kwenye chekeche, akazitazama. Goretti alikuwa barazani, alimsikia akipeta. Basi kama si Goretti, ni nani?

Shaka ni kama kupe, ukiing'oa hapa inatafuta mahali pengine pa kushika. Ikamshika Jamilu. Ni nani anayeleta gesi? Ni nani aliyenuna siku watu wa hoteli walipoacha kusema na Jamilu habari za kahawa wakaanza kusema na Madina? Ni nani aliyemtaja Muniru kwa upole namna ile? Labda aliileta mitungi mibovu makusudi, gesi iliyochanganywa na kitu. Madina aliuangalia mtungi: muhuri alikuwa ameukata mwenyewe, haukuwa umeguswa. Akaukokota mwingine kutoka stoo, akaufunga, akawasha. Moto wa buluu, umenyooka. Akamimina buni za kujaribia mara nyingine. Na mara nyingine, baada ya kitambo kilekile, moshi.

Jamilu alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Busia, na alikuwa amesema atarudi adhuhuri na mgeni. Hakulitaja jina la mgeni.

Madina akainama kuchungulia kwenye tundu la kijiko, na moshi ukamtemea usoni. Akarudi nyuma, akifuta macho. Hapo ndipo alipojiuliza swali ambalo hakuwa amejiuliza, kwa kuwa siku zote alikuwa akiangalia mikono ya watu. Mashine inayopumua vizuri inavuta. Ukiweka kidole kwenye tundu lile unasikia ubaridi wa hewa inayoingia. Hii ilikuwa inatema. Rafuni palikuwa na pakiti ya sigara ya Jamilu. Alichana ile karatasi nyembamba ya ndani, akaishika mbele ya tundu. Ilipaswa kuvutwa kwenye chuma na kuganda. Ikapeperuka kumwelekea yeye.

Akafungua kilango chote. Karatasi ikazidi kupeperuka kuja kwake. Basi kizuizi hakikuwa kwenye kilango, wala kwenye moto, wala kwenye gesi. Kilikuwa mbele zaidi, mahali ambapo hakuwahi kwenda mashine ikiwa inafanya kazi. Maana mkaangaji haachi buni motoni, hata akiitwa na nani. Ukigeuza kisogo tu zinakuwa mkaa. Bomba aliliona kila siku, lakini aliliona limepoa.

Akazima gesi. Feni akaiacha ikinguruma. Akavua viatu, akazunguka nyumba pembezoni mwa ukuta.

Bomba lilitokea chini tu ya dirisha la Hajara. Mdomoni mwake palikuwa na kitambaa kilichokunjwa na kuloweshwa, kimeingizwa nusu, na pembeni yake moshi mwembamba ulikuwa unajipenyeza. Maji yalidondoka ukutani. Madina akanyoosha mkono.

"Usikitoe, wifi," sauti ilisema juu yake. "Nakuomba. Itaanza tena."

Kibao cha dirisha kilikuwa wazi kiasi cha upana wa mkono. Hajara alikuwa amekaa ndani, amejifunika shuka nyeupe mpaka kidevuni, uso umepungua.

"Itaanza nini?" Madina aliuliza.

Hajara akaeleza kwa vipande, akisimama na kuanza upya, kwamba mwanamke aliye edani haruhusiwi manukato, hilo kila mtu analijua. Marashi ameyaacha, udi ameuacha, hata sabuni ya harufu ameiacha. Lakini kila Madina anapokaanga, harufu inaingia kwa dirisha hili na kulala naye humu. Marehemu alikuwa akirudi safari, kitu cha kwanza ni kahawa.

"Nikiisikia nasahau kama amekufa," alisema. "Nakaa naisubiri. Siku moja nikajikuta nacheka peke yangu humu ndani, Madina. Nimemzika mume, nacheka kwa sababu ya harufu nzuri. Si ni sawasawa na kujipaka marashi?"

"Ungefunga dirisha."

"Inapita juu ya ukuta."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Nakula kwa mashine hiyo. Nikasema niipunguze tu, nusu. Nikisikia feni imekaa kimya nakitoa. Sikujua kama chombo kinapumulia huku."

Madina alimtazama. Hata hapo shaka haikumwachia. Huyu alikuwa dada wa Jamilu, wa tumbo moja. Na kama kaka alitaka mashine iuzwe, nani angemtumikia vizuri kuliko mjane asiyeweza kutoka nje? Aliutafuta uwongo kwenye macho ya wifi yake kama anavyotafuta jiwe kwenye buni. Aliona macho mekundu, basi. Aliona pia, kwa mara ya kwanza, kwamba mtu anayetafuta jiwe kwa nguvu namna ile anaweza kuitupa hata punje nzima.

"Usimwambie Jamilu," Hajara alisema. "Ndugu za marehemu tayari wanasema nilimlisha kitu. Wakisikia kwamba niko edani nachekea harufu, watasema ndiyo haya."

"Kaka yako anamleta mnunuzi leo."

Hajara akaivuta shuka juu zaidi.

"Na moshi huu unarudi ndani," Madina aliendelea. "Kichwa kinanipasuka tangu asubuhi. Goretti anakohoa hadi anashika ukuta. Gesi isipopata njia inaua mtu, wifi, naye anaona amelala tu. Hilo nalo utaulizwa." Akashusha pumzi. "Sijui hukumu ya harufu, mimi si mwalimu. Leo jifunge shuka puani uniachie mara moja. Kesho nitamwita fundi Owor ainue bomba lipite juu ya paa."

Mkono mwembamba ukatoka dirishani. Hajara alikichukua kitambaa mwenyewe.

Madina alirudi kibandani mbio. Akashika karatasi mbele ya tundu: ikaganda kwenye chuma kama imepakwa asali. Akawasha, akangoja pipa lipate joto la sawasawa, akamimina buni za hoteli. Kilango robo, ili joto lisitoroke wakati buni zingali na maji. Zilipogeuka rangi ya nyasi kavu na kunukia kama mkate, akafungua nusu, akapunguza gesi kidogo. Alikimbia kutoka ufunguo hadi kijiko, kijiko hadi mshikio; Goretti alikuwa amesema kweli, mikono miwili haitoshi pale. Maganda membamba yakaanza kuruka na kuvutwa bombani. Kisha buni zikalia, moja, mbili, halafu nyingi pamoja kama bisi. Akafungua kilango chote moshi utoke, gesi akaibana karibu izimike, maana buni zikishalia zina moto wao zenyewe na ukizisukuma zinakukimbia. Alipozimwaga zilikuwa za rangi moja, kutoka ya juu hadi ya chini.

Lori lilisimama nje zikiwa bado zinapoa. Jamilu aliingia na Muniru, mtu mnene mwenye kofia iliyofumwa vizuri. Muniru hakusalimia kahawa wala mwenye kahawa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akaipapasa ubavuni kama mtu anayenunua mbuzi. Jamilu alichukua punje moja, akatafuna. Akachukua nyingine.

"Kulikuwa na nini?" aliuliza.

"Bomba lilikuwa limeziba."

"Jana uliniambia ni safi."

"Leo lilikuwa limeziba."

"Basi ni yule Goretti."

Hapo palikuwa na njia rahisi. Madina angenyamaza tu, na neno lingejikalia lenyewe mahali pake.

"Goretti hakufanya kitu," alisema. "Nilimshuku bure."

"Sasa nani?"

"Nimesema bomba, Jamilu."

Muniru akacheka kwa tumbo. "Bwana, kwako bomba linajiziba na kujizibua. Mimi ningekuwa wewe ningelala jicho moja wazi."

Jamilu hakucheka. Alimtazama mkewe kwa makini, na Madina akayajua yale macho. Yalikuwa macho yake mwenyewe, aliyokuwa akimtazamia Goretti. Angeweza kuyafunga kwa neno moja, akielekeza kidole nyuma ya nyumba. Akachukua kopo, akaanza kulijaza.

Kesho yake Okanya alikuja mikono mitupu, akasalimia vizuri, akauliza habari za watoto na za mjane, ndipo akasema meneja anataka makopo mawili. Muniru alikwisha kurudi Busia. Jamilu alilipokea jambo hilo, lakini kila aliporudi safari alizunguka nyuma ya nyumba kwanza, akasimama pale akiangalia ukuta. Madina alimwacha aangalie.

Goretti alikuwa bado barazani na ungo wake. Madina alivuta kigoda akakaa karibu.

"Ulikuwa unajua."

"Nilimwona mara moja, nimempelekea maji." Goretti aliendelea kuchambua. "Alinisihi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema dada wa mwenye nyumba ndiye anaharibu, wewe ungesema nini? Ungesema Goretti anajitetea."

Ndivyo hasa Madina angesema.

"Rudi kwenye mashine," alisema mwishowe.

"Kule kwenye bomba la maji wananiita mwizi. Mimi sirudi na jina hilo."

Basi Madina akachukua debe lake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze biashara, akaenda bombani saa ambayo wanawake wamejaa. Alisema mbele yao kwamba Goretti hana hatia na kwamba aliyekosea ni yeye. Walitaka kujua nani basi aliyeharibu kahawa. Hakuwajibu. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke anayekaa kimya namna hiyo ana lake. Madina alijitwisha debe, akarudi, maji yakimlowesha bega.

Fundi Owor aliinua bomba mpaka likapita paa. Likawa refu, na urefu ule ukalipa nguvu ya kuvuta ambayo hawakuizoea: joto lilikimbia, buni zikakawia, kipimo cha zamani cha kilango hakikufaa tena. Iliwabidi waanze kujifunza upya. Siku ya kwanza walisimama mahali pao, Madina na kijiko, Goretti na ufunguo wa gesi, na pipa likizunguka.

"Niongeze?" Goretti aliuliza.

Macho ya Madina yalikuwa yamekwisha kwenda kwenye mkono wa Goretti kabla hajayazuia. Goretti aliyaona. Madina akayarudisha kwenye buni.

"Wewe unaonaje?"

Goretti aliinamisha kichwa karibu na pipa, akasikiliza. Kisha akageuza ufunguo kidogo sana, na kilango akakirudisha karibu na robo, na wote wawili wakangoja.